Jua Linapochwa Mbele ya Kamera

Watu wa mwambao hawakuingoja kamera ili waanze kulitazama jua linapotua. Kwa hesabu yao siku huanza magharibi, na usiku wa Ijumaa ni ule unaoutangulia mchana wa Ijumaa, si ule unaoufuata. Neno magharibi lenyewe hubeba mambo matatu kwa pamoja: upande wa dunia, sala na saa. Na wekundu unaobaki juu ya maji baada ya jua kuzama si pambo tu. Kwa mujibu wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea katika visiwa hivi, wakati wa magharibi hudumu maadamu wekundu huo upo, na unapofutika huingia wakati wa isha. Mzee aliyeketi barazani na baharia aliye chomboni hawakuwa na haja ya saa ya mkono. Walizisoma rangi.

Kamera ilipotangazwa mjini Paris mwaka 1839 ilisifiwa kuwa ni chombo kisichodanganya. Lakini chombo hicho kilikuwa na kilema ambacho mzee yule wa barazani angekigundua jioni ya kwanza: hakikuuona wekundu. Kwa miongo mingi jua la jioni lilipigwa picha kwa dawa iliyokuwa kipofu wa rangi ile ile inayolifanya jua hilo liwe la jioni. Historia ya kuboresha picha za machweo baharini ni historia ya watu waliotafuta dawa na hila za kuufidia upofu huo. Lakini pia ni historia ya swali moja ambalo halijafungwa mpaka leo: mbingu inapopewa haki yake, ni nani chini yake anayelipa?

Dawa isiyoona wekundu

Mwaka 1851 Mwingereza Frederick Scott Archer alitangaza njia ya kolodioni, ambayo ilitawala kazi ya upigaji picha kwa miaka 30 hivi. Kioo kilipakwa ute wa kolodioni, kikachovywa katika maji yenye dawa ya fedha, kikatiwa ndani ya kamera kingali kibichi, na kusafishwa papo hapo kabla hakijakauka. Kilichotokea kiooni kilikuwa negativu, yaani picha iliyopinduka, cheupe kikiwa cheusi na cheusi kikiwa cheupe. Baadaye karatasi yenye dawa iliwekwa chini ya kioo hicho na kuanikwa juani, ndipo picha yenyewe ikatokea, kwa ukubwa ule ule wa kioo.

Njia hii ilitoa picha kali na safi. Aibu yake ilikuwa rangi. Dawa ya kolodioni iliiona vizuri buluu na zambarau, njano iliiona kwa shida, na nyekundu haikuiona kabisa. Wapigapicha wenyewe waliitumia aibu hiyo kwa manufaa yao: chumbani mwao mwa giza waliwasha taa yenye kioo cha rangi ya machungwa au nyekundu, wakafanya kazi bila wasiwasi, kwani mwanga uliokuwa taa kwa macho yao ulikuwa giza totoro kwa kioo.

Msiba ulikuwa nje, mbele ya bahari. Mchana mbingu ya buluu iliishambulia dawa kwa nguvu kuliko maji na nchi kavu, na mpaka maji yaonekane, mbingu imeshaungua na kutoka nyeupe tupu, bila wingu hata moja. Jioni mambo yaligeuka. Jua linapofika kwenye upeo wa macho, mwanga wake hupita katika hewa nyingi takriban mara 38 kuliko linapokuwa utosini. Katika safari hiyo ndefu buluu hutawanywa njiani, jambo ambalo Lord Rayleigh alilifafanua kwa hesabu mwaka 1871, na kinachofika machoni ni njano na nyekundu. Kwa maneno mengine, hewa iliuondoa mwanga ambao kioo kiliweza kuuona, ikauacha ule ambao hakikuweza.

Wengi waliamua kutolumbana na mbingu. Walipaka wino mweusi sehemu ya juu ya negativu ili mbingu itoke nyeupe safi badala ya kutoka na madoa, wakaridhika. Ndiyo maana picha nyingi za miaka ile, ziwe za Ulaya au za Uhindi, zina majengo na milima iliyosimama mbele ya weupe usio na hali ya hewa wala saa. Mfaransa Hippolyte Bayard alipendekeza mwaka 1852 kwamba mawingu yapigwe katika negativu ya peke yake, kisha picha mbili ziunganishwe katika karatasi moja. Pendekezo hilo lilimngoja mtu wa kulitenda kwa ustadi.

Gustave Le Gray na mshono wa bahari

Mtu huyo alizaliwa mwaka 1820 katika mji wa Villiers-le-Bel, karibu na Paris, akajifunza uchoraji katika karakana ya Paul Delaroche kabla ya kuhamia kwenye kamera. Kati ya 1856 na 1858 Gustave Le Gray alikwenda pwani ya Normandy, kisha pwani ya bahari ya Mediterania, akapiga mfululizo wa picha za bahari ambazo hazikuwa na mfano. Katika picha hizo mawingu yana uzito, mwanga unapenya katikati yake, na maji chini yanang'ara kama fedha iliyoyeyushwa. Picha yake iliyo mashuhuri kuliko zote, Wimbi Kubwa, aliipiga Sète mwaka 1857.

Katika kadhaa ya picha hizo siri yake ilikuwa negativu mbili. Moja ilipigwa kwa kuisikiliza bahari, nyingine kwa kuisikiliza mbingu, kila moja ikipewa muda wake wa kupokea mwanga. Wakati wa kuanika karatasi juani aliifunika sehemu ya juu, akaitoa bahari. Kisha akaifunika bahari, akaitoa mbingu. Msomaji aliyezoea mashairi ya mizani kumi na sita atalielewa jambo hili kwa wepesi. Mshororo una vipande viwili, ukwapi na utao, kila kipande na mizani nane zake na kina chake, navyo hukutana pahali ambapo sikio halipaswi kusikia mshono. Upeo wa macho ndio uliokuwa mshono wa Le Gray. Mstari ule ulionyooka, ambao maumbile yenyewe yameuchora kati ya maji na mbingu, ndio uliomruhusu kukata na kuunga bila ya kuonekana.

Waliozichunguza picha zake wamegundua kwamba mbingu moja hujitokeza katika picha zaidi ya moja, juu ya bahari tofauti. Wingu lililopita siku moja pahali pamoja likapewa kazi ya kulipamba jua la pahali pengine. Na katika ile picha ya jahazi la milingoti miwili iliyowashangaza watu wa London ilipoonyeshwa mwishoni mwa 1856, watazamaji waliamini kuwa wanaona mbalamwezi, na picha ikaitwa kwa jina hilo. Haukuwa mwezi. Lilikuwa ni jua nyuma ya mawingu, na kamera iliyoelekezwa kwenye mwanga mkali kwa muda mfupi mno hata vilivyobaki vyote vikaingia kizani.

Picha hii ya jahazi ina funzo jingine ambalo aghalabu husahauliwa. Inaaminika kuwa ilitoka katika negativu moja tu, na si vigumu kufahamu kwa nini. Chombo chenye milingoti huuvuka upeo wa macho. Kiwiliwili chake kimo majini na matanga yake yamo mbinguni. Mtu hawezi kuikata picha hiyo katikati bila ya kukikata chombo chenyewe. Hila ya negativu mbili hupenda bahari tupu. Mara anapoingia mwanadamu na chombo chake, mshono huonekana, na mpigapicha hulazimika ama kukiacha chombo kiwe kivuli cheusi au kukiondoa kabisa. Le Gray alikiacha kikawa kivuli, na kivuli hicho kimezaa wana na wajukuu mpaka leo.

Yeye mwenyewe hakufaidi sana. Studio yake ya fahari mjini Paris ilifilisika, na mwaka 1860 aliondoka na mwandishi Alexandre Dumas kwa safari ya Mediterania, akaachwa Malta, akapitia nchi za Sham, akaishia Misri, ambako alifundisha uchoraji. Alifariki Cairo mwaka 1884, amesahauliwa kwao. Mwaka 1999, katika mnada wa London, nakala ya Wimbi Kubwa ilinunuliwa kwa pauni 507,500, bei ambayo wakati huo haikuwahi kulipwa mnadani kwa picha yoyote ya kamera. Mnunuzi alikuwa Sheikh Saud Al-Thani wa Qatar.

Ubishi wa hila na ukweli

Kazi ya namna hii haikukosa wapinzani. Henry Peach Robinson, aliyeunganisha negativu tano katika picha moja mwaka 1858, aliandika kitabu mwaka 1869 akitetea haki ya mpigapicha kujenga picha yake kama mchoraji anavyojenga. Miaka 20 baadaye Peter Henry Emerson alimjibu kwa ukali katika kitabu chake cha 1889: picha na itoke katika negativu moja, nayo ifuate namna jicho linavyoona. Ajabu ni kwamba mwaka uliofuata Emerson aliyakana mafunzo yake mwenyewe, akayatangazia kifo katika kijitabu chenye ukingo mweusi kama wa tangazo la msiba.

Hoja ya Emerson kuhusu jicho ina uzito, ila haiishii pale alipotaka iishie. Jicho halioni machweo kwa mara moja. Likitazama jua, mboni hubana. Likishuka kwenye maji au kwenye uso wa mtu aliye karibu, hufunguka tena, na akili huvishona vipande hivyo na kumpa mtazamaji picha moja. Kwa maana hii anayeunganisha negativu mbili hukaribia tendo la jicho kuliko anayeshikilia moja. Pale anapoliazima wingu la pwani nyingine, hata hivyo, amekwisha kutoka katika tendo la jicho na kuingia katika utunzi. Mambo haya mawili yalichanganywa katika ubishi ule, na bado yanachanganywa leo.

Kulikuwapo pia njia ya tatu. Mwaka 1869 Eadweard Muybridge, aliyekuwa akifanya kazi California, alieleza kifaa alichokiita kivuli cha mbingu: ubao mdogo ulioshuka mbele ya lenzi na kuizuia mbingu mapema, huku nchi ikiendelea kupokea mwanga. Negativu ilikuwa moja, muda ulikuwa mmoja, na wingu lilikuwa la pale pale. Zaidi ya karne moja baadaye wapigapicha walikirudia kifaa hicho kwa sura nyingine: kichujio cha kioo ambacho nusu yake ni nyeusi na nusu yake ni nyeupe, mstari wake ukilazwa juu ya upeo wa macho. Tatizo la kale halikuondoka. Tanga likiuvuka mstari huo, nusu yake ya juu nayo hutiwa giza.

Mwaka ambao chaki iliishinda kamera

Tarehe 26 na 27 Agosti 1883 mlima wa volkano wa Krakatau, katika mlangobahari wa Sunda, ulilipuka kwa kishindo kilichosikika mpaka kisiwa cha Rodrigues, upande wetu wa Bahari ya Hindi, umbali wa takriban kilomita 4,800. Moshi na gesi zilipanda juu mno, na matone madogo ya asidi ya salfa yakaenea duniani kote. Kwa miezi mingi jua lilipochwa mbingu ziliwaka kwa rangi ambazo watu hawakuwahi kuziona. Mwezi Novemba wa mwaka ule katika mji wa Poughkeepsie, jimbo la New York, wazima moto waliitwa kuuzima moto uliokuwa machweo.

Kama kulikuwa na wakati wa kuipima kamera, ulikuwa huu, nayo ilishindwa. Ushahidi bora wa rangi zile ulitoka kwa mtu mwenye chaki za rangi na karatasi. William Ascroft alisimama Chelsea, kando ya mto Thames, akachora mbingu jioni baada ya jioni, mchoro baada ya mchoro kadiri rangi zilivyobadilika, mpaka akafikisha michoro zaidi ya 500. Jumuiya ya wanasayansi ya Royal Society ilipotoa ripoti yake juu ya mlipuko ule mwaka 1888, iliitumia michoro ya Ascroft.

Dawa ya upofu ilikuwa imeshaanza kupatikana. Mwaka 1873, mjini Berlin, Hermann Wilhelm Vogel aligundua kwamba dawa ya fedha ikichanganywa na rangi fulani huanza kuona kijani na njano. Ilichukua miaka 30 na ushei kufika kwenye nyekundu kwa biashara: vioo vyenye kuziona rangi zote viliuzwa Uingereza kuanzia 1906. Tangu hapo picha nyeusi na nyeupe ziliweza kupima uzito wa wekundu, ingawa hazikuuonyesha. Mwaka 1907 ndugu Lumière wa Ufaransa waliuza vioo vya rangi vilivyotengenezwa kwa chembe za wanga wa viazi zilizopakwa rangi ya machungwa, kijani na zambarau. Vilikuwa na uzuri wake, lakini vilihitaji sekunde kadhaa za mwanga hata mchana, na mawimbi ya jioni hayamsubiri mtu. Filamu ya Kodachrome ilipotoka mwaka 1935 ndipo wekundu wa machweo ulipoanza kuwa kitu cha mfukoni.

Mwambao wa Waswahili haukukaa pembeni ya mambo haya. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 19 Mji Mkongwe wa Unguja ulikuwa tayari na wapigapicha wake, Wagoa wakiwa mbele, kama A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho, na picha zao za bandari na majumba zilisafiri duniani kwa njia ya kadi za posta. Rangi zilizoonekana juu ya kadi nyingi za zama zile hazikutoka kwenye kamera. Zilitiwa kiwandani, aghalabu Ulaya, na fundi aliyezitia hakulazimika kuwa ameliona jua likitua Unguja. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio katika mji huo huo, na kazi kubwa ya studio za namna hiyo ilikuwa nyuso za watu: maharusi, familia, pasipoti. Katika studio uso ndio uliopewa mwanga kwanza. Nje, ufuoni, mambo yalikuwa kinyume.

Walio chini ya mbingu

Filamu ya rangi ya kuonyeshea ukutani, ambayo ndiyo iliyojaza vitabu na majarida ya safari kwa nusu ya pili ya karne ya 20, iliweza kubeba hatua tano au sita tu za mwanga kutoka kweupe hadi kweusi, kila hatua ikiwa maradufu ya iliyotangulia. Mbingu ya machweo na uso wa mtu aliyeipa mgongo huachana kwa hatua nyingi kuliko hizo. Mpigapicha alilazimika kuchagua, na karibu kila mara alichagua mbingu. Filamu ya Velvia, iliyotolewa na Fujifilm mwaka 1990, ilizidisha utamu wa rangi hizo, na kulizidisha giza lililokuwa chini yake.

Kuanzia miaka hiyo utalii ulipopanuka Zanzibar, ulimwengu uliletewa picha ya aina moja tena na tena: ngalawa nyeusi mbele ya mbingu ya dhahabu. Ni picha nzuri, na si haki kuwalaumu waliovutiwa nayo. Lakini inafaa kuuliza ni nini kimezama katika weusi ule. Nahodha hana uso. Tanga lina viraka vinavyosimulia misimu ya kazi, wala viraka havionekani. Haijulikani kama wavuvi wanatoka au wanarudi, wamepata au wamekosa. Kijana anayejirusha majini kutoka ukutani Forodhani amekuwa umbo tu, mkono hapa na mguu pale. Bahari ambayo ni kazi na makaburi ya watu hugeuzwa pazia, na watu wake hugeuzwa nakshi ya pazia hilo.

Kosa halikuwa la mbingu peke yake. Mtafiti Lorna Roth wa Kanada ameonyesha, katika makala yake ya mwaka 2009, jinsi rangi za filamu na za maabara zilivyokuwa zikipimwa kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, kadi iliyopewa jina la Shirley, na kwamba ngozi nyeusi haikutiwa hesabuni. Kampuni ya Kodak ilipokuja kuipanua filamu yake ili ibebe vizuri rangi za kahawia, miongoni mwa waliolalamika mpaka wakasikilizwa walikuwa watangazaji wa samani za mbao na wa chokoleti. Kwa hiyo mvuvi mweusi aliyesimama mbele ya jua la jioni alizamishwa mara mbili: mara ya kwanza na mwanga uliokuwa nyuma yake, mara ya pili na filamu ambayo hata mchana haikumjua vyema.

Simu na wekundu

Kompyuta ilirudi kwa Le Gray. Mwaka 1997 Paul Debevec na Jitendra Malik wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walieleza namna ya kuchukua picha kadhaa za pahali pamoja, moja yenye mwanga mchache, nyingine mwingi, na kuzihesabu mpaka zitoe upana wote wa mwanga uliokuwapo. Kufikia 2010 simu za mkononi zilikuwa zikiunganisha picha za namna hiyo zenyewe. Na kwa vile mashine hupima kila nukta peke yake, haihitaji upeo wa macho ulionyooka ili ifiche mshono. Jahazi linalovuka mstari halikatwi tena. Kikwazo kilichomkwamisha Le Gray kimeondoka, na nahodha anaweza kuwa na uso na mbingu ikabaki na rangi zake.

Lakini mashine ilikuja na mazoea yake. Hupenda kutia chumvi, na machweo ya kawaida ya mawingu ya kijivu huyarudisha yamepakwa hina. Mara nyingine hufanya kinyume. Tarehe 9 Septemba 2020 moshi wa misitu iliyokuwa ikiungua ulilifunika eneo la San Francisco, mchana ukawa wa rangi ya machungwa. Watu walizielekeza simu zao juu, na wengi wakapata picha ya mbingu ya kijivu. Programu zilikuwa zimefundishwa kwamba rangi iliyotawala kila pahali ni kosa la taa linalopaswa kusawazishwa, zikausawazisha msiba. Baada ya miaka takriban 170 kamera iliyoona rangi zote iliukana tena wekundu, safari hii kwa kujiamini. Kwa upande wa nyuso, mwaka 2021 kampuni ya Google ilitoa simu zenye programu ya Real Tone, iliyotengenezwa ili ngozi nyeusi isipauke wala isizame. Kwamba hatua hiyo ilihitajika mwaka 2021 inatosha kueleza urefu wa safari.

Anayetaka leo kuiboresha picha yake ya machweo atapata katika historia hii mafunzo ambayo hayauzwi pamoja na simu. La kwanza ni subira. Katika latitudo za Unguja jua hushuka karibu wima, sahani yake humezwa na maji kwa dakika mbili na kidogo, na mwanga wa utusitusi wenye kufaa hudumu dakika 20 na kidogo. Wengi hufunga kamera zao mara jua linapozama, ilhali hapo ndipo mbingu na nchi zinapoanza kukaribiana kwa mwanga, na nyuso hutoka gizani bila ya hila yoyote. La pili ni kujua tofauti ya kushona na kuazima. Kuunganisha picha mbili za jioni moja ni kulisaidia jicho. Kuleta wingu la siku nyingine, au kuiamuru mashine imwage rangi ambazo hazikuwapo, ni utunzi, na mtunzi mwaminifu hausimulii utunzi wake kama habari.

La tatu ndilo lililo rahisi kuliko yote, nalo ndilo lililochelewa kuonekana, pengine kwa sababu halihitaji kifaa. Mwanga wa machweo hauko magharibi tu. Huko ndiko unakotoka, lakini unakoangukia ni mashariki: juu ya kuta za chokaa za Mji Mkongwe zinazoielekea bahari, juu ya matanga ya vyombo vinavyorudi, juu ya nyuso za wauzaji, wavuvi na watoto waliosimama ufuoni kulitazama jua. Kwa dakika chache watu hao hupata taa ambayo studio hazijaweza kuiiga, nayo hutoka mbele yao, si mgongoni. Mpigapicha aliyelipa jua kisogo kwa muda mfupi tu angewakuta wote pale wakiwa na macho, makunyanzi na majina, na rangi ile ile aliyokuwa akiitafuta mbinguni ikiwa imetua juu yao.